Korongo la Luhombwe na Wageni wa Udongo

Sifa na shukrani zimwendee Mungu Baba, aliyeyapa maji njia yake na udongo mahali pake, kisha kwa uvumilivu wake mkubwa akawaachia wanadamu wavichanganye. Ndiye aliyenitoa hapa Viwanja Sitini, Ifakara, mzima akanirudisha mzima, isipokuwa kisigino kimoja, nacho kinaendelea kupona.

Ndugu zangu wa jumuiya, mliniona nikishuka kwenye treni nimekumbatia jogoo, tope limenifika magotini, mkauliza kumetokea nini. Nilisema nitawaeleza baadaye, kwa sababu jogoo yule alikuwa hanipi nafasi ya kusema. Sasa ametulia.

Mnajua nimekuwa katekista wa vigango vya mlimani tangu ujana wangu, na kati ya hapa na Mlimba hakuna kijito ambacho sijakivuka nimeshika viatu mkononi. Kwa hiyo alipokuja mtaalamu wa udongo kutoka Morogoro akitafuta mtu wa kumwonyesha njia, na wa kumsaidia pale watu wanapochanganya Kindamba, paroko alinitaja mimi. Mtaalamu huyo ni Bwana Mutalemwa, Mhaya, Mlutheri, mrefu, mpole, na mwenye tabia ya kuinama kila hatua chache akichota udongo na kuunusa kama mtu anayechagua dagaa sokoni.

Kazi yake ilikuwa hii. Kila kijito kina sehemu yake ya mlima ambayo mvua yake yote huishia humo. Yeye alitakiwa apite sehemu hizo moja baada ya nyingine, aone ni wapi mvua inaondoka na udongo mwingi zaidi, kisha azipange kwa kufuata hali ilivyo mbaya. Itakayokuwa ya kwanza ndiyo itakayoanza kusaidiwa mwaka huu, kwa matuta ya kukinga maji, miti na watu wa kufundisha. Nyingine zitasubiri, na kusubiri kwa namna hiyo sote tunakujua.

Nami nilikuwa na langu moyoni. Binti yangu Bernadeta ameolewa Luhombwe, kitongoji kilicho juu ya kijito cha jina hilo. Pale kuna korongo lililoanza kama njia ya ng'ombe. Sasa mtu mzima akisimama ndani yake humwoni kofia. Mchanga wake umefukia nusu ya shamba la mpunga la Bernadeta lililoko chini, na mdomo wake umesogea hadi jikoni kwa mama mkwe wake, Bibi Skolastika. Jirani zao wamekwishahama. Lisipozuiwa mwaka huu, binti yangu na wanawe watahama nao, na kwenda wapi, sijui.

Nilimwambia Bwana Mutalemwa mapema kwamba nina binti huko, asije akadhani namvuta upande. Akafikiri kidogo, akasema, "Vizuri, mzee. Basi tukifika huko wewe utanyamaza, mimi nitaangalia." Nikaahidi. Ahadi hiyo ndiyo iliyonitesa safari nzima kuliko kisigino.

Viwanja Sitini hadi Michenga

Dereva wetu alikuwa Salumu, kijana Mwislamu wa Kilosa, mtu wa mizaha, ambaye kila asubuhi aliniamkia shikamoo na kisha kunitania hadi jioni. Landrova yake ilikuwa nzee kuliko yeye na aliiheshimu vivyo hivyo. Kabla ya kuiwasha aliiambia maneno ya upole, na mimi kwa upande wangu nilifanya ishara ya msalaba. Salumu alisema kwa dini mbili gari haliwezi kukataa. Liliwaka mara ya tatu, baada ya kusukumwa.

Tulianza Michenga, kwenye mbuga za mpunga, kwa sababu Bwana Mutalemwa alitaka kuona udongo wa mlimani unaishia wapi kabla ya kwenda kuona unakoanzia. Tulimkuta mzee mmoja kando ya shamba lake. Bwana Mutalemwa akamwamkia vizuri, akamuuliza habari za shamba. Nzuri. Habari za udongo? Mzima. Mvua haikuharibu kitu? Tunamshukuru Mungu. Mtaalamu akaandika kwamba hapana tatizo.

Tukakaribishwa wali na kambale wa kuchemsha. Tulipomaliza kunawa, mzee yule akavuta pumzi, akasema ila tu shamba la nyuma limefukiwa na mchanga lote, na la shemeji yake pia, na mfereji umehama. Bwana Mutalemwa alimtazama, kisha akanitazama mimi. Nilimweleza kwamba mtu akiulizwa habari akiwa amesimama, anajibu salamu. Shida zake huzisema baada ya mgeni kushiba, asije akashindwa kula. Kuanzia siku ile mtaalamu hakuuliza kitu kabla ya chakula, na nadhani aliongezeka mwili.

Barabara ya Mlimba

Masika ilikuwa inaishia, na barabara ilikuwa bado haijaamua kama ni barabara au mto. Landrova ilizama mahali ambapo Salumu alikuwa ametoka kutuambia kwamba anapafahamu. Watu wakaja mbio kutoka mashambani, tukafurahi, kumbe hawakuja kusukuma. Tangu vyama vimekuwa vingi, gari lolote lenye watu waliovaa viatu ni la kampeni. Walitaka fulana na kofia. Mama mmoja aliniomba kanga, akaongeza kwamba kwa umri wangu naonekana mgombea mwenye adabu.

Nilianza kueleza kazi yetu kwa utaratibu, lakini Salumu aliyekuwa chini ya gari alinitangulia. "Sisi ni chama cha udongo," akawaambia, akatoka akiwa mwekundu kuanzia nywele hadi vidole. "Fulana zetu ndizo hizi. Anayetaka yake asukume hapa nyuma." Walicheka mpaka wakasukuma, na kweli kila mmoja aliipata.

Mchombe

Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa maana ndipo kazi ilipoharibika kwa wema mtupu.

Kila tulipovuka kijito, Bwana Mutalemwa alikuwa amechota maji katika chupa, akaandika jina la kijito juu yake na kuiacha itulie. Tope likishuka chini ya chupa unaona kwa jicho ni kijito kipi kinabeba udongo zaidi. Chupa ya Luhombwe, iliyochotwa chini barabarani, ilikuwa na tope la kutosha kukandika ukuta. Niliitazama kila mara gari lilipotikisika, nikimshukuru Mungu kwa tope, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani.

Mchombe tulilala kwa mama mmoja mjane, mpishi hodari. Alitupa wali wake mweupe, mboga za maboga na pepeta ya mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa, ya moto bado, hata Bwana Mutalemwa akasahau ndizi za kwao kwa muda. Asubuhi tulikuta chupa zote zimepangwa mezani, zinang'aa, zimejaa maji meupe kama machozi ya mtoto.

Mama yule alikuwa ameona haya kwa niaba yetu. Wageni wa watu, na maji wanayosafiri nayo ni yale! Alikuwa ameyamwaga uani, akasugua chupa kwa mchanga, akachemsha maji ya kisima na kuyachuja kwa kitambaa safi. Maandishi ya majina nayo alikuwa ameyasugua, akidhani ni uchafu.

Bwana Mutalemwa alishika ile ambayo huenda ilikuwa Luhombwe, akaiinua kwenye mwanga. Kisha akasema, "Asante sana, mama," akanywa glasi nzima mbele yake. Siku hiyo nilimpenda mtu yule. Lakini njiani aliniambia kwamba kurudi nyuma kwenye vijito vyote kuchota tena hakuwezekani, mafuta hayatoshi. Ingebidi aamue kwa macho, kwa kupita juu ya kila mlima na kuona alama za maji kwa miguu yake. Nikasema moyoni, korongo la Luhombwe halihitaji chupa. Hata kipofu ataliona, akitanguliza mguu.

Kupanda Luhombwe

Gari halifiki huko. Salumu alibaki barabarani na Landrova yake, ambayo springi moja ilikuwa imekatika. Sisi, tukiwa tumekwisha kuipita milima mingine, tulipanda kwa miguu Jumamosi asubuhi, na hapo ndipo kisigino changu kilipochubuka na kuanza habari zake.

Karibu na kitongoji nilianza kushangaa. Njia imefagiwa. Kila baada ya hatua chache pana jiwe limepakwa chokaa. Mlangoni mwa kitongoji wamesimamisha migomba miwili na kuifunga kwa maua, kama inavyofanywa anapokuja mkubwa. Chini ya migomba alisimama mwenyekiti wa kitongoji, Bwana Protasi, amevaa koti. Huyu ni kaka wa marehemu baba mkwe wa Bernadeta, kwa hiyo ni mkwe wangu, na mnajua mkwe hachezewi. Nyuma yake wanawake walipiga vigelegele, Bernadeta akiwa katikati yao. Alinitazama, akatazama chini.

Baada ya kula tulizungushwa mlima wote. Bwana Mutalemwa alinusa udongo, akasifu. Nami nilikuwa natafuta korongo kwa macho kama mtu aliyepoteza miwani. Mahali lilipokuwa palikuwa na uwanja mzuri, mrefu, umetandazwa majani mabichi, na juu yake migomba michanga imepandwa kwa mistari. Uwanja ule ulipita karibu na jiko la Bibi Skolastika, naye alikuwa amekaa mlangoni akitutazama, anatabasamu kwa wageni.

"Hawa watu wanajitahidi sana," Bwana Mutalemwa akaniambia. "Udongo umefunikwa, maji hayana pa kushika kasi. Laiti vitongoji vyote vingekuwa hivi." Akaandika. Niliona kwa jicho la pembeni kwamba Luhombwe alikuwa ameiweka mwisho kabisa.

Nilikuwa nimeahidi kunyamaza mbele yake, sikuahidi kunyamaza mbele ya mkwe. Nikamvuta Bwana Protasi nyuma ya ghala.

"Mkwe, korongo liko wapi?"

"Lipo," akasema. "Limetandikwa."

Kitongoji kizima, alinieleza kwa fahari, kilifanya kazi wiki nzima. Walijaza mabua na pumba za mpunga, wakaweka majani, wakachomeka migomba. Nikamuuliza kwa nini.

"Wewe ukipata mgeni, mkwe, unaanza kumwonyesha choo?"

Nilimweleza taratibu kwamba wageni hawa wanatafuta palipo pabaya, na palipo pabaya zaidi ndipo patakaposaidiwa kwanza. Alinisikiliza hadi mwisho kwa heshima, kisha akanishika bega kama mtu anayemhurumia mwenzake aliyezeeka kabla yake. Tangu wakati wa chama kimoja, akasema, amepokea wakaguzi wa vyoo, wa mashamba, wa usafi wa visima, na hajawahi kuona serikali inayompa zawadi aliyekuwa wa mwisho. Tena watu wamechoka, migongo inauma. Awaambie nini, wafukue?

Nikaenda kusali. Nilisali rozari yote, na katika kila fungu nilimkumbusha Mungu kwamba ahadi niliyoitoa niliitoa kwa nia njema.

Jumapili

Tulipanga kushuka baada ya ibada. Padri hufika kule mara chache, kwa hiyo niliongoza mimi. Bwana Mutalemwa alikuja pia, ingawa ni Mlutheri, akaketishwa mbele kabisa kwenye kiti pekee chenye mgongo. Aliimba vizuri, kwa sauti nzito. Mahubiri yangu yalihusu mpanzi na mbegu zake, na namwita Mungu awe shahidi kwamba sikugusa korongo.

Tukafika maombi ya waamini. Mnajua desturi ya vigango vyetu: mwenye nia husimama akaitaja kwa maneno yake mwenyewe, na wote wakaitikia. Nikakaribisha maombi, nikanyamaza. Nikangoja. Labda nilingoja kuliko ilivyo kawaida. Nilikuwa nimeahidi kunyamaza, nikanyamaza sawasawa.

Alisimama Bibi Skolastika, ameshika fimbo, macho amefumba.

"Baba wa mbinguni," akasema, "lile korongo limefika jikoni kwangu. Majuzi limechukua jiwe moja la meko, nimebaki na mawili, na wewe unajua sufuria haikai juu ya mawili. Naliombea jiko langu."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie," watu wakaitikia.

Bwana Protasi akakohoa. Ndugu zangu, watu wale mbele ya mgeni wangeapa kwamba nchi ni bapa. Lakini walikuwa wanasema na Mungu, na wakisema na Mungu hawaangalii nani ameketi kwenye kiti chenye mgongo. Akasimama mwanamume mmoja, akashukuru kwa ng'ombe wake kutolewa mzima ndani ya korongo siku walipokuwa wakilifukia. Akasimama mama kijana, akawaombea wanaume waliobeba pumba, migongo yao ipone, na zile pumba zishikilie mpaka wageni waondoke salama.

"Ee Bwana, twakuomba utusikie." Sauti nzito kuliko zote ilitoka kwenye kiti cha mbele. Sikuthubutu kumtazama. Nilikiangalia kitabu changu, ambacho baadaye niligundua nilikuwa nimekishika juu chini.

Bwana Protasi alikuwa sasa anakohoa kama mgonjwa wa kifua, mpaka jirani yake akamwombea na yeye.

Kisha akasimama Bernadeta. Binti yangu hasemi mbele za watu, tangu utoto. Akasema kwa sauti ndogo, "Bwana, mpunga wangu uko chini ya mchanga. Wanangu wamezaliwa hapa. Tusihame." Akakaa.

Mwishoni kabisa alisimama mwenyekiti mwenyewe. Alifunga vifungo vya koti, akavifungua. Nilidhani anakwenda kuwanyamazisha.

"Ee Bwana, unisamehe mimi mtumishi wako Protasi," akasema. "Nilitaka tuonekane watu."

Tuliitikia wote.

Ibada ilipokwisha, Bwana Mutalemwa aliwashika watu mikono mlangoni kama ilivyo desturi, bila neno juu ya yaliyosemwa. Alipofika kwa Bibi Skolastika aliinama. "Bibi, naomba unipeleke jikoni kwako."

Yaliyofuata mngecheka. Wanaume walifukua kwa bidii ileile waliyofukia, migongo ikapona bila dawa. Na aibu ilipokwisha kutoka, wakaanza kushindana. Kila mtu alikuwa na kikorongo chake nyuma ya nyumba alichotaka kitazamwe kwanza. Wawili waligombana ni cha nani kirefu, ikabidi mtaalamu avipime mbele yao, na aliyeshindwa alinuna mchana kutwa. Bwana Mutalemwa alishuka ndani ya lile kubwa hata kofia yake ikapotea machoni petu, akakaa humo kwa muda, na alipotoka alikuwa na pumba hadi masikioni na jiwe jeusi kifuani. Ni lile la meko. Alikwenda akaliweka mwenyewe jikoni, na Bibi akalisogeza kidogo, kwa sababu hakuliweka sawa.

Bwana Protasi alisimama pembeni, koti mkononi. Mwishowe akamwendea mgeni, akamuuliza kama kufagia, angalau, walifagia vizuri.

"Vizuri sana, mwenyekiti," akajibiwa. "Sijaona kama hapa."

Kurudi kwa treni

Bibi Skolastika alimpa mtaalamu jogoo, na jogoo wa bibi hakataliwi. Salumu alibaki akingoja springi, akasema atakula pepeta aliyotufungia mama wa Mchombe mpaka ifike. Sisi wawili tukapanda treni, jogoo katikati yetu. Mama wa kiti cha mbele alimuuliza Bwana Mutalemwa kama ni wa kufuga au wa kuchinja, yeye akajibu kwamba bado hawajafahamiana vya kutosha.

Nilitamani kumuuliza kuhusu mpango wake. Sikuuliza, na yeye hakusema. Treni ilipopunguza mwendo kuingia Ifakara, aliniwekea jogoo mapajani.

"Huyu ni wako, mzee," akasema. "Ulinyamaza vizuri."

Nilimshukuru nikashuka, na ndipo mliponiona.

Jana Bernadeta alikuja mjini kuuza mchele, akaniletea habari zilizofika kwao kwa mdomo wa bwana shamba: Luhombwe imekuwa ya kwanza, na watu wa matuta wanakuja kabla ya mvua zijazo. Mpunga atapanda palepale. Bibi anapikia mawe matatu. Nikamuuliza Bwana Protasi amepokeaje. Akacheka, akaziba mdomo kwa kanga. Mwenyekiti amewatangazia vitongoji vyote vya jirani kwamba wao ni wa kwanza, na watu wanapanda mlima kwenda kujifunza. Korongo ameliacha wazi lilivyo. Ila njia ya kulifikia ameifagia, amepanga mawe ya chokaa pande zote mbili, na ukingoni kabisa ameweka benchi ya wageni.

Nawe unayesoma haya, Mungu akubariki wewe na nyumba yako. Akupe wageni wema wa kukustiri, na siku moja katika juma ambayo hutafunika kitu mbele zake. Meko yako yasipungukiwe jiwe, na udongo uliozaliwa juu yake ukae chini ya miguu ya watoto wako. Amina.